Asipokuja Mgeni, Kisiwa Kitakula Nini?

Mpwa wangu anataka kuuza mashua ya marehemu babake. Shauri hilo ameniletea kwa adabu, kama ilivyo desturi yetu watu wa Lamu, kwa kuwa mimi ndimi mjomba wake mkubwa na karatasi za mashua zimo katika sanduku langu. Mnunuzi amekwisha kumpata, mtu wa Kizingitini, na fedha hizo anataka kujengea vyumba vinne juu ya nyumba ya mamake, avikodishe kwa watalii.

"Mjomba," aliniambia, "samaki leo yuko, kesho hayuko. Tazama Maldivi. Visiwa vya mchanga mtupu, watu Waislamu kama sisi, wavuvi kama sisi, na leo wana ndege zinazotua juu ya maji. Wao waliuza nyavu zao wakajenga hoteli."

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia, "Nipe muda, mwanangu, nikaulize." Basi nimeuliza, na nimesoma, na kwa kuwa najua kwamba maneno ya mpwa wangu ndiyo maneno ya vijana wengi barazani, toka Kiunga hadi Vanga, nimeona jibu langu nisilifanye la nyumba moja. Huenda msomaji naye ana mpwa.

Kwanza nimsahihishe kijana jambo dogo. Watu wa Maldivi hawakuuza nyavu zao, kwa sababu jodari wao hawamvui kwa nyavu. Humvua kwa ufito na ndoana. Chombo kikifika penye samaki, hutupwa baharini dagaa walio hai, na wanaume husimama tezini kwa safu, kila mmoja na ufito wake, wakiwarusha jodari chomboni mmoja mmoja. Ndivyo walivyovua babu zao, na ndivyo wavuavyo hata leo. Nalisema hili si kwa kutaka ubishi, bali kwa sababu litatufaa mbele.

Maldivi ni visiwa vinavyopindukia 1,100, vingi vyavyo vidogo mno, na vinavyokaliwa na wenyeji havifiki 200. Hakuna mto wala kilima, na kwa wastani nchi kavu imeinuka mita moja na nusu tu juu ya bahari. Bahari yenyewe ndiyo hii yetu, yenye kusi na kaskazi zile zile. Uislamu, kwa hesabu ya wenyewe, uliingia mwaka 1153. Msikiti wao mkongwe wa Ijumaa katika mji mkuu wa Male ulijengwa mwaka 1658 kwa mawe ya matumbawe, na mtu wa Lamu akiuona hatahitaji kuelezwa jiwe lile lilitoka wapi.

Msafiri Ibn Batuta, yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Maldivi mwaka 1343, akafanywa kadhi na akaoa huko. Juu ya Mombasa aliandika kwamba watu wa kisiwa hawalimi nafaka, huletewa kutoka bara. Juu ya Maldivi aliandika habari ya samaki, minazi, kamba za usumba, na kauri ambazo watu wa visiwani waliwauzia watu wa Bengali wakapewa mchele. Alisimulia pia hadithi ya jini lililotoka baharini kila mwezi, likionekana kwa mbali kama merikebu iliyojaa taa, na watu wakilipelekea mwanamwali, hata alipokuja mtu wa Maghribi akakesha akisoma Kurani, nalo lisirudi tena. Hadithi hiyo nimeitaja kwa kupita tu, ingawa nakiri kwamba kila nisomapo habari za watu wanaotazama upeo wa bahari wakingoja taa za wageni, hunijia akilini.

Turudi kwenye mchele. Tangu zama zile mchele wa Maldivi hutoka ng'ambo, na hulipiwa kwa kitu kimoja ambacho ng'ambo hukipenda. Kwa karne nyingi kitu hicho kilikuwa kauri. Wareno, Waholanzi na Waingereza walizichukua kwa shehena hadi Afrika ya Magharibi, ambako zilikuwa fedha halisi sokoni, na kwa fedha hiyo, Mwenyezi Mungu atuepushe, binadamu walinunuliwa na kufungwa minyororo. Balaa lilipoiangukia biashara hiyo halikutoka Maldivi. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walitambua kwamba kauri za pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki, zinazokusanywa Unguja, zilikuwa rahisi kuliko za Maldivi na zaweza kupokewa huko huko Magharibi. Wakazisomba kwa wingi usio na kiasi, hata kauri ikakosa thamani yake. Kwa hiyo hizi kete zetu, ambazo wazee huchezea na watoto huokota maji yakipwa, zina mkono katika kuanguka kwa soko la watu wale. Sidhani kuna mzee wa Maldivi aliyepata kuulizwa rai yake.

Baada ya kauri kilichobaki ni samaki mkavu. Jodari huchemshwa, hutiwa moshi, kisha huanikwa juani hata awe mgumu kama ubao, na wenyewe humwita hikimas. Mnunuzi wake mkubwa alikuwa mmoja, Seiloni, nchi ambayo sasa ni Sri Lanka, maana wapishi wa huko hawaoni mchuzi umekamilika bila ya samaki huyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Sri Lanka ikaishiwa na fedha za kigeni, ikapunguza kununua, na soko likaporomoka. Mvuvi wa Maldivi alikuwa yuko baharini, samaki wako, jua la kuanikia liko. Kilichokosekana ni dola mfukoni mwa mtu mwingine.

Ni wakati ule ule, mwaka 1972, watalii wa kwanza walipofika kutoka Italia. Mwezi Oktoba mwaka huo ikafunguliwa hoteli ya kwanza katika kisiwa kisichokaliwa na watu, karibu na Male. Iliezekwa makuti na ikapewa jina la Kurumba, neno ambalo kwa lugha yao ni dafu. Ina maana mpwa wangu anaponiambia kwamba watu wale walikuwa na samaki wakachagua utalii, hasemi kweli kamili. Mnunuzi wao wa samaki alikuwa amewafungia mlango, na mlango mwingine uliofunguka ni huo. Wewe uliyeachwa bandarini na shehena yako, je, ungeukataa?

Tena tuwe waadilifu, waliufanya vizuri. Walishika kanuni moja: kisiwa kimoja, hoteli moja. Wageni wakawekwa katika visiwa vyao, na wenyeji wakabaki katika vyao. Ulevi uliruhusiwa kule na ukakatazwa huku. Kuhusu uhalali wa mpango huo masheikh watasema kwa elimu kuliko mimi. Ninalojua ni kwamba fedha ilimiminika. Nchi iliyokuwa miongoni mwa maskini kabisa wa dunia ikajenga shule na hospitali, na pato la kila mtu likawapita majirani wakubwa wa Bara Hindi. Anayesema utalii haukuwapa kitu watu wa Maldivi hajui asemalo.

Lakini sikiliza tarehe hizi mbili. Tarehe 20 Desemba 2004 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba Maldivi imestahili kuondolewa katika orodha ya nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo. Tarehe 26 Desemba, siku ya sita, tsunami ikapita juu ya visiwa. Watu 82 walikufa na 26 hawakuonekana tena. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 470, ambayo ni kama sehemu 62 katika kila 100 za pato la nchi nzima la mwaka. Ikabidi wasogeze mbele kutoka kwao katika orodha ile hadi Januari 2011. Siku sita! Mtu hata nguo ya sherehe hajaifua.

Tsunami, pamoja na ukali wake, ilikuwa jambo la saa chache. Hoteli zilizovunjika zilijengwa, na zilizosimama ziliendelea kupokea wageni. Ugonjwa wa korona ulikuja kwa namna nyingine, maana haukuvunja hata dirisha. Vitanda vilikuwa vimetandikwa, maji ya bahari yalikuwa ya buluu vile vile, wapishi walikuwa jikoni. Tarehe 7 Machi 2020 wagonjwa wa kwanza waligunduliwa, tena katika hoteli ya kisiwani. Tarehe 27 Machi serikali ikaacha kutoa viza kwa wageni uwanjani. Katikati ya Aprili ugonjwa ukaonekana ndani ya Male, mji uliobana kama dagaa katika kopo, na watu wakafungiwa majumbani.

Mwaka 2019 nchi ile ilipokea wageni milioni 1.7. Mwaka 2020 hawakutimia 560,000, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuja katika miezi mitatu ya kwanza. Kwa zaidi ya miezi mitatu, toka mwisho wa Machi hadi katikati ya Julai, milango ilifungwa kabisa. Pato la taifa la mwaka huo likaanguka kwa karibu theluthi moja, na ni nchi chache mno duniani zilizoanguka kiasi hicho.

Theluthi moja ni neno jepesi kutamka. Fikiria mfanyakazi wa hoteli ambaye robo ya mshahara wake ni mshahara, na iliyobaki ni sehemu yake ya ada ya huduma anayotozwa mgeni. Mgeni hayuko, ada haiko. Fikiria mwenye mashua ya kuvusha abiria, muuza matunda, mfua nguo. Fikiria na serikali, ambayo kodi yake hutoka kwa mgeni huyo huyo, nayo ndiyo iliyotakiwa kumsaidia mfua nguo. Huu ndio ubaya wa kutegemea kitu kimoja: siku kinapokatika, anayehitaji kusaidiwa na anayetakiwa kumsaidia huwa wamefilisika kwa saa moja.

Serikali ilijitahidi. Iliwapa waliopoteza kazi posho ya hadi rufiyaa 5,000 kwa mwezi. Ilikopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa dola milioni 28.9 mwezi Aprili, ikakopa India dola milioni 250 mwezi Septemba, na ikachota kwa benki yake kuu kupita mipaka ambayo sheria ilikuwa imeiweka. Kabla ya mwaka kwisha deni la taifa lilikuwa limepita pato lote la mwaka. Sitawalaumu kwa hilo. Mchele, unga na sukari ni lazima vije kwa meli, na mwenye meli hataki rufiyaa.

Kuna watu ambao katika habari hii husahauliwa, nao ni vibarua wa kigeni. Karibu mtu mmoja katika kila wanne walioko Maldivi ametoka nje, na wengi wao ni Wabangladeshi. Mwezi Mei 2020 manowari za India zilikuja kuwachukua raia wa India. Wabangladeshi wengi walibaki katika vyumba vya kulala kwa zamu, bila mshahara wala nauli, na baadhi yao wakaandamana wakidai haki yao. Nyumbani kwao nako walikuwako watu wakingoja fedha. Mgeni wa Ulaya akikosa kupanda ndege, mtoto wa Bangladesh hakosi kulala na njaa.

Najua hapa mpwa wangu atanikata kauli. "Lakini Mjomba, si walipona?" Naam, walipona, tena upesi. Walifungua milango tarehe 15 Julai 2020, mapema kuliko nchi nyingi, kwa kuwa hoteli iliyo peke yake kisiwani ni kama karantini yenye godoro zuri. Mwaka 2021 wageni walipindukia milioni 1.3, na mwaka 2024 walivuka milioni 2, idadi ambayo haikupata kuonekana.

Hilo la karantini, hata hivyo, kijana alizingatie. Zilizofunguliwa Julai zilikuwa hoteli kubwa za visiwa vya peke yake. Nyumba ndogo za wageni zilizo katika visiwa vya wenyeji, ambazo ziliruhusiwa toka mwaka 2009 ili mwananchi wa kawaida naye aonje, ziliambiwa zingoje hadi tarehe 15 Oktoba. Miezi mitatu zaidi. Na vyumba vinne juu ya nyumba ya mama ni vya aina gani katika hizo mbili?

La pili lanitia wasiwasi zaidi. Wageni walirudi, lakini deni halikwenda zao. Mwaka 2021 Maldivi ilichukua dola milioni 500 kwa njia ya sukuk, zile hati za fedha zinazofuata taratibu za Kiislamu, na ikaahidi kuzilipa mwaka 2026. Ilipofika Septemba 2024, katika mwaka ule ule wa wageni milioni 2, masoko ya fedha yaliingiwa na hofu kwamba Maldivi itakuwa serikali ya kwanza duniani kushindwa kulipa sukuk. Mwezi mmoja kabla ya hapo, benki kubwa ya nchi ilitangaza kwamba kadi za wateja wenye akaunti za rufiyaa hazitanunua tena kitu nje, na siku hiyo hiyo ikaamriwa kuufuta uamuzi huo. Baba mwenye mtoto anayesoma Malaysia, au mke anayetibiwa India, sijui moyo wake ulikuwaje saa zile chache.

Itakuwaje nchi ijae wageni na hazina ikose dola? Nilipoanza kusoma hili lilinitatiza, na sasa naona ndilo jambo lenyewe hasa. Mgeni hulipa hoteli yake akiwa kwao, na fedha huweza kulala katika benki ya mbali. Nyama anayokula, nyanya, siagi, mvinyo, hata mashuka anayolalia, vimeagizwa kutoka nje kwa dola. Mpishi akitoka nje, mshahara wake nao huenda nje. Dizeli inayowasha taa na kuyasafisha maji ya bahari yawe ya kunywa hununuliwa kwa dola. Bei ya serikali ni rufiyaa 15.42 kwa dola moja, lakini uchochoroni dola haikupatikana kwa bei hiyo. Ndipo serikali ikatunga sheria, ikaanza kutumika Januari 2025, kuzilazimisha hoteli zibadilishe katika benki za nchini sehemu ya dola wanazopokea. Miaka 50 na zaidi baada ya Kurumba, mwenye kisiwa anamwomba mpangaji wake chenji.

Na aliyewaokoa na aibu ya Oktoba 2024 ni nani? Ni India, iliyowafungulia mkataba wa kubadilishana fedha wa dola milioni 400 na rupia bilioni 30. Hiyo ni India ambayo mwezi Januari mwaka huo naibu mawaziri watatu wa Maldivi walimtolea waziri mkuu wake maneno ya kejeli mtandaoni. Walisimamishwa kazi, lakini neno likitoka halirudi. Wahindi, waliokuwa wageni wengi kuliko wote mwaka 2023 na kupindukia 200,000, waliteremka mwaka 2024 hadi kama 130,000. Wengi walihairisha safari zao kwa hasira tu. Hakukuwa na ugonjwa wala wimbi. Mdomo wa watu watatu ulitosha. Mwenye duka moja tu mtaani, akigombana na mteja mkubwa, hujua usiku huo atalala vipi.

Wahenga wetu walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao, na nilipoanza kuandika nilidhani methali hiyo itawafaa watu wa Maldivi. Sasa siamini kwamba inawafaa. Wao mbacha hawakuutupa. Uvuvi wa ufito ungaliko, samaki wao wangali wakiuzwa nje, na kwa bidhaa wanazosafirisha samaki ndiye wa kwanza. Mwaka 2020, Male ilipokuwa kimya, kisiwa kilichokuwa na vyombo na wanaume wa kuviendesha kilikuwa na kitoweo. Walichokosa ni kwamba sehemu ya mbacha huo katika pato la nchi imekuwa ndogo mno, kama sehemu tano katika kila mia, na vijana wengi hawataki kuukalia. Mbacha ulioko lakini hauwatoshi watu wa nyumba ni jambo lingine.

Nisije nikadhaniwa nawasema majirani na hapa kwetu nafumba macho. Lamu tumeonja. Mwaka 2011 wageni walipotekwa nyara Kiwayu na Manda, balozi zilitoa maonyo na hoteli zikawa tupu. Mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, ikaja amri ya kutotoka nje usiku. Na hapa lazima niseme lisilonisaidia katika hoja yangu: kwa miaka kadhaa uvuvi wa usiku nao ulipigwa marufuku kwa sababu za usalama, kwa hiyo aliyekuwa na mashua na aliyekuwa na chumba cha kukodisha walikaa baraza moja wakitazamana. Bahari nayo haikumpa mtu dhamana.

Mpwa wangu mwenyewe mwaka 2020 alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Shela, ambayo sina haja ya kuitaja. Mwezi Machi waliambiwa waende nyumbani wangoje kuitwa. Hakuitwa mpaka mwaka uliofuata. Marehemu shemeji alikuwa hai bado, na mashua ilikuwa ikitoka alfajiri kwa sababu usiku hauruhusiwi. Kamba wakubwa waliozoea kununuliwa na hoteli hawakuwa na mteja, bei ikawa ya kuchekesha, lakini tasi na changu waliletwa nyumbani, na nyumba ile ilikuwa na watu kumi na mmoja. Dada yangu akitupelekea sahani, hata sisi. Kijana aliyeshiba samaki wale ndiye anayeniambia leo kwamba samaki hana mwaka. Sikumkumbusha, kwa sababu mtu hakumbushwi chakula alichopewa na baba yake. Nakiandika hapa, basi, na radhi yake nitaiomba baadaye.

Vyumba sivipingi. Mtalii si jini, na fedha yake ikiingia mkononi mwa dada yangu badala ya kulala katika benki ya mbali ni heri tupu. Ninachotaka kumuuliza kijana ni habari ya jikoni. Mgeni wake atakula nini asubuhi? Kama ni mkate wa mofa, mahamri na maharagwe ya nazi, samaki wa mashua yao, na embe la shambani, basi fedha itazunguka mtaani mara tatu kabla ya kuondoka. Kama ni mkebe wa dukani na maji ya chupa kutoka Mombasa, atakuwa amejenga Maldivi ndogo juu ya dari ya mamake, bila ya bahari ya buluu na bila ya India ya kumkopesha. Na samaki huyo wa mgeni atamnunua kwa nani, akishaiuza mashua?

Ijumaa, inshallah, baada ya sala, nitamwita. Nitamwambia mashua haiuzwi. Vyumba na vijengwe, lakini viwili kwanza, na mapato ya minazi yangu ya Matondoni ya mwaka huu na mwaka ujao ayachukue yamsaidie chokaa na mbao. Jibu lake nalijua: kwamba injini ni mbovu, kwamba mabaharia wawili wamekwenda Mombasa kuendesha bodaboda, kwamba baba yake alivua miaka 40 na akafa hana akiba ya kununulia hata saruji. Yote hayo ni kweli, na la mwisho sina la kulijibu. Mnunuzi wa Kizingitini naye amepiga simu mara mbili wiki hii.